Mkono Nyuma, Macho Mbele

Jumatatu, 6 Aprili 1998

Nimepata kazi, ingawa Mama anasema hiyo si kazi, ni kuketi. Nakaa na baba yake Bi Saroja wa ghorofa ya chini, kuanzia asubuhi mpaka Bi Saroja atakapofunga duka lake. Daktari amesema moyo wa mzee si wa kuachwa peke yake. Nilimaliza shule Desemba na tangu hapo nimekuwa nikifagia chumba kilichokwisha kufagiwa, kwa hiyo nilikubali kabla Bi Saroja hajamaliza kuniomba.

Mzee anaitwa Subedar Velayudham. Subedar ni cheo, cha jeshi la India. Nyumbani wanamwita Thatha, yaani babu, na ameniambia na mimi nimwite hivyo. Alikuwa askari na mkimbiaji. Zamani, anasema, pasipoti ya Mhindi ilipigwa mhuri kwamba haifai kwa safari ya Afrika Kusini, kwa hiyo binti yake alipoolewa huku Durban alikaa miaka mingi bila kumwona.

Alipovua soksi niliona mguu wake wa kushoto hauna vidole. Nilijikaza nikauliza. Akasema, "Siku nyingine."

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua kutwa. Thatha alilala kitini, na mimi karibu nilale.

Jumanne, 14 Aprili

Leo alisimulia bila kuombwa. Alizaliwa kusini kabisa mwa India, baba yake akilima shamba la mtu mwingine. Akiwa na umri kama wangu alikwenda kuandikishwa jeshini. Wale makuruta walikimbizwa kila alfajiri, na waliotangulia kufika walipewa glasi ya maziwa na yai.

"Watu husema nilikimbia kwa ajili ya India," aliniambia. "Mimi nilikimbilia maziwa. India ilikuja baadaye."

Kutoka maziwa akafika kwenye mashindano ya kikosi, kutoka kikosi akafika timu ya jeshi zima, akawa mkimbiaji wa mwisho katika mbio za kupokezana vijiti. Alipanda ndege kwenda kukimbia nchi za mbali wakati kijijini kwao hakuna aliyekuwa amepanda treni. Ukutani iko picha moja: anakata utepe, kifua mbele, macho yamefumbwa.

Nilimwomba anifundishe kukimbia. Akasema, "Sijasikia." Nikarudia. Akasema, "Bado." Mara ya tatu nilisema kwa sauti mpaka nikaona aibu, ndipo akacheka na kusema kumbe alisikia tangu mwanzo.

Jumatatu, 20 Aprili

Tunakwenda uwanja wa shule ulio nyuma ya majumba yetu, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mimi nabeba kiti chake cha kukunja. Anapiga kipande cha bati kwa fimbo, nami naondoka. Shuleni nilikuwa na mbio lakini sikuwahi kushindana, kwa sababu ya watu kutazama. Hapa anatazama mmoja tu.

Ninaandika ili nisisahau: amesema ninapinda kona vizuri, kwamba wengi hufunguka kama mlango wakatupwa nje ya mstari, na mimi sifunguki.

Nilimwuliza tena habari ya mguu. "Siku nyingine, mtoto."

Jumatatu, 27 Aprili

Sikukuu. Nimefanya ujinga.

Deborah tunakaa nyumba moja: familia yao chumba kimoja, sisi kimoja, jiko la wote. Wao wametoka Bukavu, sisi Bukoba. Ananizidi miezi michache tu, anasuka watu kwenye saluni ya shangazi yake mjini, na akiingia mahali kila mtu anajua ameingia. Leo hakuwa na kazi. Nikamwambia aje anisaidie kubeba kiti. Sikuwa hata na haja ya msaada. Nadhani nilitaka anione nikikimbia.

Nilikimbia, akapiga makofi. Kisha akavua ndala, akafunga sketi kiunoni, akasema, "Na mi nijaribu, Papa?"

Hakuwa amefika hata nusu ya uwanja Thatha aliposimama kutoka kitini. Kwangu hajawahi kusimama.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna mutu, Papa. Mama akinituma maji nilikuwa nachelewa na barafiki, kisha nakimbia nisipigwe."

Alicheka mpaka akashika kifua, nikaogopa. Njiani walizungumza wao wawili, Kiingereza cha Deborah kikiwa kimevunjika kila mahali, na hakuona haya hata kidogo. Mimi niliyefaulu Kiingereza nilibeba kiti.

Jumapili, 3 Mei

Padri ametangaza michezo ya vijana wa parokia tarehe 16 Juni. Parokia nne zitakuja, yetu ikiwamo. Wasichana watakimbia kupokezana vijiti. Deborah alinyanyua mkono kanisani, akasema kwa sauti kwamba sisi tuna mwalimu wetu, askari wa India. Watu wakacheka, wakageuka kututazama. Niliangalia sakafu.

Jumamosi, 9 Mei

Tuko wanne: Constance na Immaculée kutoka kwaya, Deborah, na mimi. Thatha amepanga leo. Constance wa kwanza, Immaculée wa pili, mimi wa tatu, Deborah wa mwisho.

Nafasi ile ya mwisho ni yake yeye mwenyewe, nafasi ya picha ya ukutani. Mimi ndiye niliyemwomba kwanza. Mimi ndiye ninayejua dawa zake, ipi kabla ya chai na ipi baada. Nilifikiri anajua ninachokitaka bila mimi kukisema.

Jioni alituita mimi na Deborah, akatuambia kuhusu Karnail. Huyo ndiye aliyekuwa akikimbia wa tatu na kumpa yeye kijiti, Mpunjabi wa kaskazini, mkubwa kama kabati. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza, kila mmoja akifikiri mwenzake anabweka. Vijiti vikawa vinaanguka. Basi afisa wao akawaweka hema moja, akawaamuru wapeane kila kitu bila anayepokea kutazama: sabuni, mkate, chai ya moto, wembe. Anayetoa anaita, "Le!" yaani chukua. Anayepokea anapeleka mkono nyuma, macho mbele.

"Mwezi mzima," alisema. "Baada ya hapo ningempa Karnail mkono wangu gizani aukate, na nisingegeuka."

Na sisi tutafanya hivyo hivyo mpaka tarehe 16. Sisi tutaita "Shika!"

Jumanne, 12 Mei

Nimempa Deborah chumvi, kitana, pasi, kuponi za kanisa na mtoto wa jirani. Anapeleka mkono nyuma huku akizungumza na watu wengine, kama malkia. Sijaita hata mara moja. Natia tu mkononi.

Ijumaa, 15 Mei

Thatha amegundua. "Anayetoa ndiye anayeita. Sauti yako iko wapi?"

Deborah akanitetea. "Papa, huyu anaita kwa moyo."

Nilitamani angenyamaza.

Jumamosi, 23 Mei

Kwa amri ya Thatha, siku za Bi Saroja kuwahi kurudi ninakwenda mjini saluni. Chumba kina viti vitatu, kioo kimoja chenye ufa, na kelele ya soko zima. Ninasimama nyuma ya Deborah nikimpa nywele za kusuka, nyuzi, mafuta. Mwenye saluni ni Mama Agathe, shangazi yake, mtu wa kuchekesha watu mpaka wateja wasahau wanavutwa kichwa.

"Huyu mtoto haongee? Batanzania bote banaongeaka kama bako ndani ya misa?"

"Muache, tantine. Iko na haya."

"Haya ya nini? Bwana akija kumuoa, ataitika na karatasi?"

Wote walicheka, na mimi nikacheka ili nisionekane. Wateja wanamwita Deborah mwanangu, wanamletea ndizi. Kuna mmoja alikataa kusukwa na mtu mwingine, akangoja kutwa. Naangalia mikono yake na siwezi kuona kinachofanya watu wamngojee.

Jumatano, 27 Mei

Nilikwenda na Mama kupanga foleni ya vibali vya kuishi nchini. Deborah akaomba ruhusa saluni akakaa na Thatha badala yangu. Foleni haikusogea.

Alhamisi, 28 Mei

Tangu alfajiri umevuma ule upepo wa joto kutoka milimani, unaokuja kabla ya baridi. Unakausha midomo na watu wanagombana bila sababu. Ninataja upepo kwa sababu natafuta kitu cha kutaja.

Nilifika saluni mchana. Mama Agathe alikuwa ametoka. Deborah alikuwa akinyoosha nywele za mwanamke mmoja kwa chanuo la moto. Machanuo ni mawili: akitumia moja, jingine liko kwenye jiko dogo nyuma yake, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha. Mara mbili nilifanya sawasawa. Unashika upande wa chuma kwa kitambaa kinene, unampa mpini.

Akaanza kuongea, macho kwenye kichwa cha mteja.

"Ile habari ya Papa na teluji, eish, jana nililia."

"Habari gani?"

"Ya miguu yake."

Nikasema sijaambiwa.

"Ah bon? Weye uko naye kila siku, hakukuambia? Mi niliuliza tu mara moja."

Akanisimulia. Ilikuwa vita ya India na China ya mwaka sitini na mbili, juu milimani. Waliwapeleka na nguo za pamba na viatu vya turubai. Walipoamriwa kurudi nyuma walitembea mmoja mmoja ndani ya ukungu, theluji mpaka magotini, na Karnail alikuwa nyuma yake. Ili wasipoteane kila mtu alimwita aliye mbele. Karnail akawa anaita "Le! Le!" kama uwanjani, na Thatha akatembea bila kugeuka, kwa sababu alishazoea. Halafu ile sauti ikanyamaza. Thatha akafikiri rafiki yake amechoka kuita. Akaendelea kidogo. Alipogeuka palikuwa peupe tu. Akarudi kumtafuta siku ile nzima mpaka vidole vikafa, na hakumpata.

"Alisema hajamuambia hata Saroja," Deborah akamaliza. "Lete chanuo, dada."

Akapeleka mkono nyuma.

Nililichukua chanuo jikoni kwa mpini. Mpini ulikuwa mkononi mwangu, mimi niliushika, na mbele yake ulikuwa upande wa meno. Kulikuwa na muda wa kuligeuza. Haukuwa mrefu, lakini ulikuwepo. Kiganja chake kilikuwa wazi, na vidole vilikuwa vikicheza kidogo, vikingoja. Sikuita. Nilitia.

Sitaandika alivyolia. Yule mteja aliruka na nusu ya kichwa ikiwa imenyooka. Nilimwagia maji, nikasema pole, pole, pole, kwa sauti ile ile ndogo.

Mama Agathe aliporudi alifoka, nani amefanya hivi? Nilikuwa bado namwagia maji, Deborah akasema, "Ni mi mwenyewe, tantine. Nilivuta vibaya."

Alinitazama wakati akisema. Sikuweza kusoma yale macho, na nimekuwa nikijaribu tangu mchana.

Ijumaa, 29 Mei

Baridi imeingia. Mkono wa kulia wa Deborah umefungwa mpaka kwenye kifundo. Hawezi kusuka. Mama anamwosha uso asubuhi, kwa upole ambao mimi sijaupata tangu utotoni. Hata hilo nimeliona. Nimemchoma mtu na bado namwonea wivu kwa kuoshwa uso.

Jumapili, 31 Mei

Sikupokea komunyo. Mama akauliza kama naumwa tumbo.

Jumanne, 2 Juni

Thatha aliniketisha. Alikuwa amemwona Deborah jana.

"Amesema alivuta vibaya."

Nikaanza kupanga dawa zake mezani.

"Uliita?"

"Hapana, Thatha."

Alizungusha kikombe chake muda mrefu. Nilifikiri ataniambia nisirudi. Badala yake akasema, "Basi mkimbiaji wa mwisho ni wewe. Deborah atakimbia wa tatu, atakupa kwa mkono wa kushoto."

Nilifurahi. Ninaandika ukweli: kabla ya kitu kingine chochote, nilifurahi. Nilipopanda ngazi ndipo nilipofikiri maana yake. Sasa mkono wa nyuma ni wangu, na atakayekuja nyuma yangu ni yeye.

Jumamosi, 6 Juni

Nimetazama nyuma kila mara. Naondoka vizuri, napeleka mkono, nasikia hatua zake zinakuja, na shingo inageuka yenyewe. Ukigeuza shingo bega linafuata, na mkono unaondoka pale ulipotakiwa kuwa. Constance akanitania, "Vere, unaogopa anakuja kukudai?"

Deborah hakucheka.

Jumatano, 10 Juni

Nyumbani pia. Ananipa sufuria, anaita "Shika!" mpaka majirani wanasikia, nami nageuka kuangalia anachonipa. Leo kilikuwa kikombe cha maji baridi. Nilikitazama kabla ya kukishika. Aliniona nikikitazama. Akakiweka mezani akatoka.

Ijumaa, 12 Juni

Thatha amevua kofia akaitupa kwenye nyasi. "Unatafuta nini huko nyuma?"

Nikasema sijui. Akasema, "Unajua," kisha akaniomba nimwokotee kofia, kwa sababu hawezi kuinama.

Jumapili, 14 Juni

Sauti ya Deborah imekauka kwa kuniita. Mama Agathe amempa tangawizi.

Jumanne, 16 Juni

Uwanja ulikuwa upande wa Cato Manor, nyasi fupi za kahawia, mistari ya chokaa imechorwa na mtu aliyekuwa na haraka. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyoomba kwa Mungu. Bi Saroja alimleta Thatha kwa gari. Alivaa koti lenye nishani, na watoto wa Kizulu wakampigia saluti kwa mchezo. Naye akawarudishia saluti ya kweli, wakaacha mchezo wakasimama wima.

Constance alitoka vizuri. Immaculée alipitwa na mmoja. Kisha Deborah akachukua kwenye kona. Mazoezini nilitazama mkono wake tu, sikuwahi kumtazama yeye mzima akikimbia kutoka mbele. Mkono uliofungwa aliubana kifuani, kijiti kiko kushoto, na kona aliipinda mwili ukiwa umeegemea, haufunguki. Hiyo ilikuwa kona yangu, na alikuwa amejifunza kwa kunitazama. Akampita yule msichana. Akafika wa kwanza kwenye alama yangu nami nikaondoka.

Nilipeleka mkono nyuma, nikafungua kiganja. Niliona utepe kule mwisho. Hakukuwa na mtu mbele yangu.

"Shika!" aliita. Ile sauti iliyokauka.

Niligeuka.

Kijiti kilikuwa pale pale, mahali ambapo kiganja changu kilikuwa kabla sijageuka. Kikanigonga kwenye kiwiko. Nilikishika kwa mkono mwingine, vibaya, tukakaribia kuangukiana, na wawili wakatupita. Nilikimbia nikilia. Tulikuwa wa tatu kati ya timu nne.

Thatha alivuka nyasi peke yake, akimkataza Bi Saroja kumshika. Deborah alikuwa ameinama akitafuta pumzi.

"Ulitazama."

"Ndiyo, Thatha."

"Aliita?"

"Aliita."

"Sasa?"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Constance na Immaculée waliokuwa mbali waligeuka. "Nilifikiri atanifanyia nilichomfanyia! Nilimpa upande wa moto, nilijua ni upande wa moto!"

Deborah alinyanyuka. Alijifuta uso kwa mkono wa kushoto.

"Najua," alisema. "Hata siku ile nilijua. Chanuo haliwezi kujigeuza." Akapumua. "Lakini leo mi nilikuwa nakuletea tu kijiti."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Akaokota ndala zake, akaenda kwa wenzake, ule mkono mweupe wa bendeji ukining'inia.

Thatha aliketi kwenye nyasi, jambo alilokatazwa, nami nikaketi kando yake. Basi nilikuwa nimempata peke yangu, kama nilivyotaka tangu Aprili. Nilikuwa naye pale na sikumtazama hata mara moja. Nilikuwa namtazama Deborah akienda.

"Mwite," alisema.

"Hatageuka, Thatha."

"Sikusema ageuke. Nimesema mwite."

Watu walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wakitutazama. Nilisimama, nikaita jina lake.